Ofa tatu, Ijumaa moja: ukaguzi, benki, au kampuni ndogo ya udalali wa hisa?

Swali

Shikamoo dada. Nina miaka 23, nimemaliza mwaka wa tatu wa BCom ya fedha hapa Dar es Salaam na ninataka kuingia kwenye kazi za benki za uwekezaji, zile za kusaidia kampuni kutafuta mtaji au kununua kampuni nyingine. Nina ofa tatu. Benki kubwa ya biashara wamenipa nafasi kwenye mpango wao wa wahitimu, miezi 18 ya kuzungushwa idara mbalimbali. Moja ya zile kampuni nne kubwa za ukaguzi wamenipa mkataba wa miaka mitatu, na mitihani ya CPA, ya kuwa mhasibu aliyesajiliwa, watanilipia. Ya tatu ni kampuni ndogo ya ushauri na udalali wa hisa: miezi sita ya mafunzo kwa posho, ajira hawaahidi. Benki ndiyo inayolipa zaidi, lakini kampuni ndogo ndiyo yenye jina la kazi ninayoitaka. Nasomesha mdogo wangu kidato cha tano na nina deni la Bodi ya Mikopo. Marafiki wananishauri niachane na zote nikasome masta London, wengine wanasema nianze CFA, ile mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji. Benki wanataka jibu Ijumaa ijayo. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Jibu kwanza, maelezo yafuate: nenda ukaguzi. Benki iweke ya pili, kwa sharti moja nitakalokueleza. Kampuni ndogo usiivunjie daraja, ila usiingie kwa masharti waliyokuandikia. London haiendi popote.

Najua ukaguzi umeutaja kama mtu anayetaja dawa chungu. Wanafunzi wengi mnachagua kazi kwa maneno yaliyoandikwa mlangoni, na kwa kazi hii, hapa kwetu, mlango haukuambii kitu. Uliza ni karatasi gani zitakazopita mezani kwako, na nani atakayezisahihisha. Ofa zako tatu ukizipima kwa maswali hayo mawili, mpangilio unabadilika kabisa.

Nadhani picha uliyonayo kichwani imetoka kwenye video za vijana wa New York na London. Kule kuna mtambo uliokamilika: unaajiriwa uchambuzi ukitoka chuo, unafanya miaka miwili, kisha unapanda au unahamia kwenye mifuko ya uwekezaji binafsi, ile inayonunua na kuuza kampuni. Mtambo huo unasaga watu. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, walikusanya maoni yao wenyewe, wakaeleza kuwa wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki, na ombi lao lilikuwa zisizidi 80. Ombi, narudia, lilikuwa 80. Juni 2025 JPMorgan, benki nyingine ya huko, iliwaonya wahitimu wake wapya kwamba atakayekubali kazi ya baadaye kwingine ndani ya miezi 18 ya mwanzo ataondolewa, kwa kuwa mifuko ilikuwa inawachumbia hata kabla hawajakaa vitini. Vita vya namna hiyo vipo pale ambapo miamala (kampuni kununuliwa, mitaji kutafutwa) ni mingi kuliko watu wa kuifanya.

Dar es Salaam hali ni kinyume. Hata jina lenyewe ni gumu kulipata. Kenya, "benki ya uwekezaji" ni aina ya leseni inayotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya kule, kwa hiyo Nairobi utaziona zimeandikwa hivyo. Kwetu CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya hapa, inatoa leseni za madalali, washauri wa uwekezaji, mameneja wa mifuko na kadhalika, na kazi ambayo New York ingekaa ndani ya jengo moja imegawanyika kati ya hao, mabenki ya biashara, mawakili na kampuni za ukaguzi. Anayetaka kuifanya inabidi ajue iko wapi.

Na iko wapi? Kampuni kuuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza ni tukio la nadra. Vodacom Tanzania ilipouza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja mwaka 2017 na kukusanya bilioni 476, ilikuwa imesukumwa na sheria iliyozitaka kampuni za simu ziweke robo ya hisa zao sokoni. Mtaji mwingi unapatikana kwa mikopo ya mabenki, na miaka ya karibuni kwa hati fungani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji wengi kwa riba. Kijani Bond ya CRDB mwaka 2023 ilitafuta bilioni 40 ikapata bilioni 171.8. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ikatoa hati fungani ya miaka kumi ya shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5.

Hiyo ya Tanga nikae nayo kidogo, kwa sababu ndani yake kazi unayoitaka inaonekana kwa macho. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni takriban bilioni 7.17 za riba kwa mwaka kabla deni lenyewe halijaguswa. Zinalipwa na nini? Na bili za maji za watu wa Tanga. Kwa hiyo mchambuzi anayeandaa hesabu za toleo kama lile anaanzia chini kabisa: wateja wangapi, kila mmoja anatumia uniti ngapi, maji kiasi gani yanazalishwa halafu yanapotelea kwenye mabomba bila kulipiwa, bili inakaa siku ngapi kabla ya kulipwa, na EWURA, wadhibiti wa bei za maji, wakichelewa kuidhinisha bei mpya mwaka wa tatu unakuwaje. Mwisho wa jedwali anachukua fedha inayobaki baada ya gharama za uendeshaji, anaigawa kwa kiasi cha deni na riba kinachotakiwa kulipwa mwaka huo. Ikitoka moja na ushee kidogo tu, pampu moja ikiharibika mwezi mzima umeshindwa kulipa. Hilo jedwali la Excel, mdogo wangu, ndilo moyo wa kazi. Mavazi, chakula cha mchana Masaki na kadi ya biashara vinakuja baadaye, na vingine haviji.

Sasa jiulize ni nani anayejua kuitilia shaka namba ya wadaiwa, yaani fedha ambazo wateja hawajalipa, katika jedwali lile. Mkaguzi wa mwaka wa kwanza. Anapewa orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90, zaidi ya 90. Anachagua wateja, anawaandikia barua wathibitishe salio, halafu anafungua taarifa ya benki ya Januari kuona kama kilichodaiwa Desemba kililipwa kweli. Anakuta taasisi ya umma ambayo haijalipa bili kwa miaka miwili, na bado deni lake limeandikwa lote kama mali salama. Anamuuliza mhasibu, mhasibu anakasirika, msimamizi anamwambia arudi akaulize tena. Ukifanya hivyo misimu miwili, taarifa za fedha haziwi tena karatasi nzuri ulizofundishwa kukokotoa uwiano wake. Unajua mahali zinapodanganya. Ujuzi huo haupo kwenye video, na darasani unafundishwa kwa mbali sana.

Ndiyo maana nakupeleka ukaguzi. Sababu nyingine ni kwamba kampuni zote nne zina timu za ushauri wa miamala: kuchunguza kampuni kabla haijanunuliwa, kuithamini, kusaidia kutafuta mtaji. Kuhama kutoka ghorofa moja kwenda nyingine ni rahisi kuliko kuingia kutoka nje. Ila hawatakuja kukuchukua. Wiki za mwanzo mwambie anayepanga kazi kwamba unataka wateja wa mabenki, bima, nishati au maji. Ukikaa miaka mitatu ukihesabu stoo za maduka utatoka na CPA na uchovu.

Kabla ya kusaini tafuta kifungu kinachosema itakuwaje ukiondoka kabla ya miaka mitatu. Mara nyingi gharama za mitihani walizokulipia unazirudisha. Si kitu kibaya, ni kitu cha kukijua mapema.

Kampuni ndogo nayo naielewa inavyokuvutia. Ukikuta toleo linaendelea, hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka CMSA waraka wa matarajio, ule unaomweleza mnunuzi kile kinachouzwa, mtu mdogo kuliko wote ofisini ndiye anayebaki na karatasi zilizochapwa na kalamu mbili za rangi, akifuatilia kila tarakimu ilikotoka. Faida ya mwaka ukurasa wa 14 ndiyo hiyo hiyo ya ukurasa wa 61? Jedwali hili liko kwa maelfu na lile kwa mamilioni? Hisa zinazouzwa zimeandikwa sawasawa jaladani, kwenye muhtasari na kwenye fomu ya maombi? Anayefanya hivyo mara moja hasahau waraka unavyojengwa.

Tatizo ni kama hakuna toleo. Kampuni nyingi za aina hiyo zinaishi kwa kamisheni za kununua na kuuza hisa na hati fungani za serikali, kazi halali na yenye heshima, lakini siku yako itakuwa kufungua akaunti za CDS (za kuhifadhi hisa za wateja), kupokea oda kwa simu, na kumtafutia gawio lake mzee wa Moshi ambaye alibadilisha benki bila kumwambia mtu. Kwa hiyo waulize, kwa adabu lakini bila kupepesa: mna kazi gani za ushauri zenye mkataba uliosainiwa sasa hivi? Nitakuwa kwenye ipi? Nani atasoma jedwali langu kabla halijaenda kwa mteja, na yeye mwenyewe amewahi kufikisha matoleo mangapi mwisho? Waliopita kwenye mafunzo haya mwaka jana wako wapi leo? Wakijibu swali la kwanza kwa "tuna mazungumzo na wateja kadhaa", jibu lao ni hapana.

Hata wakiwa na kazi, miezi sita ni mifupi mno. Chukua Tanga Cement. Scancem, kampuni ya kundi la HeidelbergCement, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inanunua asilimia 68.33 ya hisa zake. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha idhini iliyokuwa imetolewa na Tume ya Ushindani. Mchakato ukaanza upya, muamala ukakamilika 2023, na mwaka 2024 hisa zile zikaenda kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania. Mwanafunzi wa miezi sita angeona utangulizi tu. (Nikiongeza pembeni: angalia ni mara ngapi katika hadithi hiyo mtu wa fedha alikuwa anasubiri mwanasheria. Somo la sheria ya kampuni ulilolisoma ili ufaulu, lirudie.)

Benki. Wenzako watakushangaa ukiikataa, na mimi sikuambii uikatae leo. Benki kubwa za hapa ndizo zinazopanga mikopo mikubwa ya pamoja, benki kadhaa zikichangia kwa mkopaji mmoja, na zinatoa hati fungani zao wenyewe. Dawati la uchambuzi wa mikopo ya makampuni makubwa liko karibu na benki za uwekezaji kuliko madalali wengi. Shida ni neno "kuzungushwa". Miezi 18 inaweza kuwa sita tawini, sita kwenye kadi na mauzo ya kidijitali, minne kituo cha huduma kwa wateja, na miwili unapumua. Halafu unapangiwa pale penye upungufu wa watu. Kwa hiyo sharti langu ni hili: waombe rasilimali watu wakuthibitishie kwa maandishi kwamba angalau miezi tisa utakuwa mikopo ya makampuni makubwa au hazina (idara inayosimamia fedha za benki yenyewe), na kwamba mwisho wa mpango utaruhusiwa kuomba kubaki huko. Wakikubali, nageuza jibu langu, nenda benki. Wakisema "tutaangalia mahitaji ya taasisi", umeelewa.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa una mtu wa kumsomesha na si busara kujifanya huna. Usilinganishe mishahara kwa namba iliyo kwenye barua. Tuseme mshahara wa msingi ni milioni moja. NSSF wanachukua 100,000. Bodi ya Mikopo, kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. PAYE, kodi ya mshahara, kwenye 900,000 iliyobaki baada ya NSSF ni kama 103,000. Kinachofika mkononi ni takriban 647,000. Ukivuka kama milioni 1.1, kila 100,000 inayoongezeka inakatwa 10,000 ya NSSF, 15,000 ya Bodi na 27,000 ya kodi, unabaki na 48,000. Kwa hiyo ikiwa benki inaizidi kampuni ya ukaguzi kwa 300,000 kwenye karatasi, kwako ni kama 144,000. Toa ada za mitihani, vitabu na siku za likizo ya kusoma ambazo wakaguzi wanakupa, uone pengo limebaki kiasi gani. Posho ya kampuni ndogo siigusi kabisa. Kwa mtu anayekaa kwao Mikocheni na halipi ada ya mtu ningeongea lugha nyingine.

CFA: ndiyo, lakini baadaye. Ni ngazi tatu, wenyewe wanashauri saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, na ada ya ngazi ya kwanza peke yake inazidi dola 1,000. Kuna ufadhili unaoitwa Access unaopunguza ada sana. Uuombe mapema, maombi yana tarehe zake. Kwa sasa una mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayolipiwa na mwajiri, Mei na Novemba, na kufanya yote mawili huku unakagua kampuni zenye hesabu za Desemba ni kujiua bure. Maliza CPA, au ukaribie kumaliza, ndipo uanze CFA ukiwa unajiandaa kuhama. Ukija kufanya kazi ya udalali utahitaji pia kozi ya CMSA ili upewe leseni. Hiyo ni fupi, haina haja ya kukunyima usingizi leo.

London, kwa kifupi. Benki kubwa za kule zinaajiri hasa kupitia mafunzo ya kiangazi, na maombi ya mafunzo hayo yanafunguliwa karibu mwaka mzima kabla. Mtu wa masta ya mwaka mmoja anatua Septemba, hajajua hata duka la mchele liko wapi, na tayari yuko kwenye foleni na watoto waliofanya mafunzo mawili wakiwa shahada ya kwanza. Baada ya hapo kuna viza. Wapo waliofanikiwa, na wengi wao walikwenda wakiwa na kitu cha kuongea: miamala, hesabu walizozikagua, CPA. Ukienda miaka minne ijayo kwa ufadhili utakuwa mwombaji mwingine kabisa.

Kuna kazi moja unayoweza kuianza hata wiki hii bila ruhusa ya mtu. Mwaka 2024 Amsons ya hapa kwetu ilitangaza kuinunua Bamburi Cement ya Kenya kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa. Savannah Clinker, kampuni ya Kenya, ikaja na 70, ikapandisha hadi 76.55, kisha ikajitoa. Kanuni za Kenya za mwaka 2002 zinaitaka bodi ya kampuni inayonunuliwa itafute mshauri huru na iwapelekee wenye hisa waraka wenye maoni yake. Nyaraka zile ni za umma. Zipakue, chukua taarifa za fedha za Bamburi za miaka mitano, tengeneza jedwali lako mwenyewe, uone unafika bei gani. Halafu andika ukurasa mmoja: kwa nini mwenye hisa angekubali 65 wakati 76.55 imetajwa? Ukifika kwenye usaili wa timu ya miamala na ukurasa huo, utaulizwa maswali ambayo wenzako hawaulizwi.

Miaka mitatu ukiimaliza na CPA ikiwa mkononi, anza kuangalia nje hata kama wanakupandisha cheo. Ndipo wanapokupandisha, wala si bahati mbaya: mtu aliyefundishwa kwa gharama zao anauzika Nairobi, kwenye mifuko ya uwekezaji na taasisi za fedha za maendeleo kama Norfund na British International Investment zenye ofisi huko, na kwenye madawati ya mikopo mikubwa ya mabenki ya hapa. Waliobaki ukaguzi kwa kupenda ukaguzi wana maisha mazuri. Wanaosikitika ni wale waliobaki kwa sababu ya mkopo wa gari.

Kwa wiki hii basi: Jumatatu andikia benki swali la miezi tisa, maana Ijumaa si mbali. Siku hiyo hiyo piga simu kampuni ndogo uwaulize yale manne. Hata ukikataa, waombe wakuruhusu uwatumie ukurasa wako wa Bamburi wausome. Usiwaahidi kuwasaidia jioni ukiwa mkaguzi. Kanuni za uhuru wa mkaguzi hazichezewi, na dalali anaweza akawa na mteja mnayemkagua. Na kama ulinunua hisa ukiwa chuo, ziorodheshe kabla ya kuripoti, kwa kuwa utatakiwa kujaza fomu ya kutangaza maslahi, na zile za kampuni mnayoikagua utaambiwa uziuze.